Koti Lililobaki Msumarini

Fundi cherehani alirudi shule akiwa mama mtu mzima. Mchana alishona sare za wanafunzi nyuma ya duka la vitambaa. Jioni alivaa miwani na kwenda kukaa kwenye dawati lililombana mapaja. Alikuwa ameacha masomo akiwa msichana, mama yao alipopooza na dada yake mkubwa akatoroka nyumbani bila kuaga. Kwa hiyo yeye ndiye aliyemgeuza mama kitandani, akamlisha, akamzika.

Mwaka huo walisoma riwaya ya zamani ya Kimarekani. Ilihusu familia yenye kiwanda cha kupasua mbao kando ya mto: baba mlevi, mama asiyeweza kusimama, na mabinti wawili. Katika sura ya nne binti mkubwa anapanda mashua ya mizigo na kwenda zake, huku koti lake jekundu likibaki msumarini nyuma ya mlango. Mwalimu, mzee mstaafu mwenye sauti ya kukwaruza, aliwataka wamchambue kila mhusika kwa matendo yake, si kwa maneno yake. Fundi hakusubiri kuulizwa. Alisema binti huyo ni mbinafsi, hana utu, na mwandishi alimwonea huruma bure. Mlinzi wa ghala, aliyekaa nyuma yake, akatania kwamba mama huyu angekuwa hakimu, magereza yangefurika. Darasa likacheka. Fundi hakucheka.

Hakuna aliyejua kwamba dada yake alikuwa amerudi. Alikuja na mfuko mmoja, uso umevimba, figo zimekwisha. Fundi alimpokea kwa sababu hakuwa na pengine pa kumpeleka. Alimwachia kitanda, yeye akalala kwenye godoro chini. Alimwogesha, akampeleka hospitali kusafishwa damu, yote kwa mikono ya upole na mdomo uliofungwa. Mazungumzo yao yalikuwa ya dawa na maji ya kuoga, basi.

Riwaya ndiyo iliyowafungua midomo. Dada hakujua Kiingereza, lakini alichoka kutazama dari, akaomba asimuliwe hicho kinachosomwa kila siku. Fundi akawa anasoma ukurasa kimoyomoyo, kisha anausimulia kwa Kiswahili huku akikunja nguo. Dada alisikiliza kama mtoto. Baba mlevi alimchekesha hata akakohoa. Alisema huyo kama si wa kwao basi ni jirani yao. Kwa muda wa wiki chache chumba kile kilikuwa na uhai.

Walipofika sura ya nne, Fundi hakutia chumvi wala hakupunguza. Alisimulia mashua ilivyoondoka, mama alivyoita hadi sauti ikamkauka, na koti lilivyobaki.

"Huko kwao ni baridi?" dada akauliza.

"Baridi ya kuua. Mto unaganda."

"Basi alikusudia kurudi. Mtu haachi koti lake wakati wa baridi kama anahama."

Fundi aliendelea kukunja shuka. Darasani walikuwa wameambiwa koti ni ishara ya hatia ya familia. Hili la dada hakulitarajia, na lilimchoma kuliko alivyotaka kukiri.

"Mbona hakurudi?"

"Aliona haya, mdogo wangu. Kila mwaka uliopita, haya zilizidi."

Fundi alijua sasa nani anazungumziwa. Angeweza kuweka shuka chini, akakaa kando ya kitanda. Badala yake alikumbuka miaka yote aliyomgeuza mama peke yake.

"Haya hazikumzuia kuondoka, dada."

Dada aligeukia ukutani. Jioni hiyo hakula. Kesho yake asubuhi Fundi alimwacha amelala, akaenda kazini. Adhuhuri jirani akaja dukani, akasimama mlangoni mikono kichwani, na Fundi akajua. Alimkuta dada bado ameelekea ukuta.

Baada ya maziko alikosa darasa mara mbili. Aliporudi, mlinzi alikuwa akijibu swali, akirudia maneno yale yale ya Fundi: mbinafsi, hana utu. Alimtazama Fundi kwa heshima, akitumaini kusifiwa.

"Sivyo," Fundi akasema. "Mimi nilimsoma vibaya."

Mwalimu akamwomba atoe ushahidi kutoka kitabuni. Alifungua ukurasa, akautazama, herufi zikamcheza machoni. Alisema ushahidi anao, ila hawezi kuusema. Mwalimu akavua miwani, akampa mwingine nafasi.

Katika mtihani alifaulu somo hilo, tena vizuri. Hesabu ndiyo iliyomwangusha. Alijiandikisha upya. Watu wa dukani walisema amekuwa mpole siku hizi, hata na wateja wakorofi hagombani. Nyumbani aliendelea kulala kwenye godoro chini, ingawa kitanda kilikuwa kitupu.