Mti wa Upinde wa Babu

Laiti ningalimwambia baba siendi. Aliponituma nimwonyeshe mdogo wangu aina ya mti ambao babu alitumia kuchonga upinde wake, nilikubali upesi, kwa sababu tayari nilikuwa nimeamua kumdanganya.

Ilikuwa miaka ya sitini, karibu na Nyaramba. Upinde ulikuwa umevunjika, na babu alikuwa amekwisha kufariki. Baba aliukwangua, akaunusa, hata akatafuna kibanzi chake, asiutambue mti. Ni mimi tu niliyemwona babu akiukata, siku nilipokuwa nachunga ng'ombe. Lakini baba alisema, "Wewe mwonyeshe tu. Atakayechonga ni yeye, ana mkono mzuri." Mimi niliyemaliza kidato cha nne sikuwahi kusifiwa hivyo. Nilisikia moyo ukinichoma.

Bondeni niliupita mti wenyewe, nikasimama kwenye mwingine wenye majani kama yake.

"Kaka, una hakika ni huu?"

"Kata! Au unangoja mti ukuandikie barua?"

Alicheka, akakata. Aliuchonga kwa subira, akaukausha juu ya moshi wa jikoni, nami nikaona wivu hata kwa jinsi alivyoushika. Baba alipouvuta mbele ya majirani, ulivunjika.

"Huu ni wa kuchemshia chai!" baba alisema, na watu wakaangua kicheko.

Mdogo wangu hakumtazama baba. Alinitazama mimi.

Baadaye alikwenda kuchuma chai Kericho, na hakurudi hata kumzika baba. Nilikuwa na ndugu mmoja tu, nikampoteza.