Pua Iliyoshindwa na Paini

Siku pua yangu ilipokufa, nilikuwa nimefungwa kitambaa machoni na watu kama kumi wananitazama.

Tulieni, niwaeleze.

Mimi ni seremala, mwaka wa ishirini na mbili huu. Karakanani naitwa Pua. Nifunge macho, nipe kipande cha mbao, nikinuse, nakutajia mti. Wateja walikuwa wananiletea mbao za wauzaji wengine nizinuse kabla hawajatapeliwa. Kichwa kilivimba, sikatai.

Siku hiyo mama mmoja akanipa kipande. Nikanusa. Nikavuta mpaka mbavu zikauma. Hakuna kitu.

"Mvule," nikasema, kwa sauti ya mtu anayejua.

Ilikuwa paini. Paini, jamani! Ile hata mwenye mafua anaitambua akiwa nje ya geti.

Shemeji yangu, mdogo wake mke wangu, ndiye anaendesha mashine ya msasa. Alicheka mpaka akakaa chini, anapumulia mdomo.

Nilichokuwa sijamwambia mtu ni kwamba tundu la kushoto lilikuwa limeziba miezi minane.

Dawa nilikuwa nayo. Mafundi tunaijua: jioni unakunywa pakiti moja ya maziwa, yanaosha vumbi. Mimi nikapandisha dozi hadi pakiti tatu. Nikanenepa. Pua ikabaki vilevile.

Kisha mke wangu akaja na foronya mkononi.

"Baba watoto, hii damu ya nini?"

"Mafua."

"Mafua ya tundu moja?"

Alikuwa ameshavaa viatu.

Daktari alinimulika puani, akauliza kazi yangu.

"Seremala."

"Miaka mingapi?"

"Ishirini na mbili."

Akaacha kuandika. Wakakata kinyama kidogo, wakakipeleka maabara. Baada ya wiki mbili tukaitwa. Saratani, ndani ya pua. Akasema si kila seremala anaipata, lakini vumbi la mbao ni chanzo kinachojulikana.

"Na maziwa je?" nikauliza.

"Maziwa yanaenda tumboni."

Mke wangu akaangalia dirishani.

"Barakoa mnazo kazini?" daktari akauliza.

"Tunazo, tena safi kabisa. Hazijawahi kuguswa na vumbi."

Akanitazama. Ndipo na mimi nikasikia nilichosema.

Iko hivi. Miaka mitatu nyuma mkaguzi wa kazi alituletea katoni ya barakoa nzuri, zile nzito. Nikaogopa zitachafuka. Nikazitengenezea sanduku la mbao ya mkangazi, pembe zimeumana bila msumari hata mmoja, na kufuli juu. Siku mbili nzima nalipiga msasa, pua wazi. Mwezi haujaisha, ufunguo ukapotea. Na hakuna aliyekuwa na moyo wa kuvunja sanduku zuri namna ile. Wateja walikuwa wanalisifia.

Nikapasuliwa. Nikachomwa mionzi wiki sita. Niliogopa, nisiwadanganye. Nililia bafuni hospitalini, bomba nimelifungulia ili wenzangu wodini wasisikie.

Nilipopata nguvu za kutembea, nilienda moja kwa moja karakanani. Shemeji alikuwa kwenye mashine, uso mzima umejaa unga wa mbao.

"Shemeji! Karibu! Nikakununulie maziwa?"

Nikachukua nyundo.

"Shemeji, hapana! Sanduku la mkangazi hilo!"

Nililipiga mara tano. Nilikuwa nimelitengeneza vizuri mno.

Barakoa zilikuwa bado kwenye nailoni zake. Na juu ya nailoni kulikuwa na vumbi laini, unaweza kuandika jina kwa kidole.

Shemeji akazima mashine. Akapitisha kidole, akakitazama.

"Limeingia hata humu?"

"Hata humu."

Akachana nailoni, akavaa barakoa bila ubishi. Halafu akaivua haraka, anahema.

"Inanibana. Pumzi ya puani haitoshi. Tundu hili la kulia limeziba tangu mwaka jana."

Nikaweka nyundo chini.

"Mbona hukusema?"

"Ni mafua tu, Shemeji."

"Mafua ya tundu moja?"

Naandika haya nikiwa kwenye benchi la hospitali. Yeye yuko ndani, anamulikwa. Mke wangu amekaa pembeni yangu, ameishika foronya ya mdogo wake, aliyoileta kama ushahidi.

Mimi mpaka sasa niko salama, narudi kupimwa kila baada ya miezi mitatu. Harufu haijarudi. Bado wananiita Pua.

Nyie mnaofanya kazi kwenye vumbi la mbao: tundu moja likiziba wiki kadhaa, au likitoa damu, usimuulize fundi mwenzako. Mimi shemeji yangu aliniuliza mwaka jana dawa ya hayo "mafua" yake, nikamshauri aongeze maziwa.