Kuutukana Mtambuu

Mke wangu alipofariki, watoto waligawana khanga na vyombo vyake. Mimi nikabaki na mtambuu wake, nyuma ya nyumba yetu hapa Mitwero, unaotambaa kwenye gogo karibu na uzio wa bafu. Majani yake aliyatafuna kila baada ya chakula, kwa popoo na chokaa kidogo, mpaka midomo ikawa myekundu. Mimi sitafuni. Lakini nilijiapiza kwamba mmea ule hautafia mikononi mwangu.

Basi ukaanza kufa.

Majani yaligeuka manjano, kisha ncha zikawa nyekundu na kukauka, kama karatasi iliyopitiwa na moto. Nikaongeza maji. Nikaweka samadi ya mbuzi. Nikachimbua shinani kutafuta mchwa, sikuona hata mmoja. Nikasema labda unaomboleza, nikauacha siku kadhaa tuomboleze pamoja. Ukazidi kunyauka.

Ndipo akaja mtani wa mke wangu, mama wa Kimakonde ambaye msibani alitutesa sana: alijilaza kwenye kitanda cha marehemu akadai aletewe chai. Nikamwonyesha mmea. Akauzunguka kama daktari.

"Mtani, unautukana?"

"Niutukane?"

"Mwenzio alikuwa anautukana kila asubuhi. Mmea huu umezoea maneno makali. Wewe unaubembeleza, nao unadhani umehamia ugenini!"

Ni kweli kwamba kila alfajiri, nikiwa bado kitandani, nilimsikia mke wangu akinong'ona huko nyuma. Sikuwahi kumuuliza anasema nini. Nikaamini.

Kutukana sijazoea. Kesho yake nilijikaza, nikasimama mbele ya mmea.

"We mkavu! Maji yangu unakunywa kila siku, shukrani huna! Hebu ona ulivyokonda, na hizo ncha nyekundu, unadhani unapendeza? Mkubwa mzima, kusimama mwenyewe huwezi mpaka uegemee!"

Maneno yalinitoka vizuri kuliko nilivyotegemea. Asubuhi iliyofuata nikayarudia, na sauti nikaipandisha.

Jua lilipokuwa limeshachoma, mlango wa uani ukagongwa. Alikuwa jirani yangu, mzee mwembamba, mkongojo mkononi, ndevu kazipaka hina. Bomba langu liko nje ya uzio, na yeye huchota maji hapo kila asubuhi. Salamu hakutoa.

"Kama maji yako yanakuuma, sema. Ndevu zangu zimekukosea nini?"

Nikamvuta mkono mpaka kwenye mtambuu. "Huu ndio ninaoutukana. Umekonda kwa msiba."

Akautazama mmea, akanitazama mimi. "Msiba umekupanda kichwani?"

"Sijui. Lakini ndevu zako sikuzitaja."

Alitaka kuendelea kugomba, ila jua lilimpiga usoni. Akasogea huku, akasogea kule, akaweka kiganja juu ya macho.

"Haya, twende tukagombane kivulini basi! Zamani tulikuwa tunasimama hapa hapa, jua hatulioni. Mfenesi wenu mmeufanyaje?"

Nikainua macho. Mfenesi ulikuwa umebaki shina na tawi moja la upande wa barabarani. Matawi ya upande huu yalikatwa siku ya msiba, ili turubai lifungwe na kuni za kupikia wali wa watu zipatikane. Mimi nilikuwa nimekaa chini ya turubai hilo hilo, na sikuona kitu. Wala siku zote zile sikuwa nimetazama juu.

"Siyo msiba huo," jirani akasema, akiugusa mmea kwa mkongojo. "Huo unaungua."

Ugomvi ukaishia hapo. Yeye akaleta makuti, mimi nikakata fito, tukaujengea kibanda kidogo. Maji nikapunguza. Mvua za mwanzo ziliponyesha, jani jipya likachomoza, la kijani, linang'aa.

Likakua, mtani akarudi, akalichuma bila kuomba, akalitia mdomoni.

"Si nilikwambia? Dawa yake matusi."

"Dawa yake kivuli," nikasema. "Na hebu niambie kweli, mke wangu alikuwa anautukana?"

"Nitajuaje mimi? Alfajiri nipo kwangu, nimelala!"

Akacheka mpaka akapaliwa. Alipopata pumzi akaniuliza kama sasa nimeacha.

Uongo siuwezi. Nilimwambia sijaacha. Nimeshusha sauti tu, kwa ajili ya ndevu za jirani.