Modestus na Farasi Waliokwisha Kufika

Tangazo. Wanajumuiya wote wa Dallas, Fort Worth, Mesquite na Carrollton, pamoja na ndugu zetu wa Houston ambao bado hatujawakatia tamaa, mnaarifiwa kwa heshima na taadhima kwamba miongoni mwenu anaishi mtu anayewajua farasi kuliko wanavyojijua wenyewe. Jina lake Modestus. Mfumo wake humpata mshindi mara saba katika kila mbio kumi. Jumamosi hii, uwanja wa Grand Prairie, njooni mjionee. Chakula kila mtu na chake.

Tangazo hilo nililiandika mimi, nikalirusha kwenye kundi la WhatsApp lenye watu mia tatu. Modestus mwenyewe sikumuuliza. Manabii hawaulizwi.

Tumepanga nyumba moja Mesquite, yeye chumba kikubwa, mimi kile chenye mashine ya kufulia. Anakaribia hamsini. Kazi yake ni ghalani: kutembea kati ya rafu na skana mkononi, akihesabu makopo ya nyanya na samaki, maili kumi kwa zamu, ndani ya viatu vyenye chuma kwenye vidole. Goti lake la kulia limeshamchoka. Akipanda ngazi linalia kama mlango wa sakristia.

Kabla ya Marekani alikuwa karani wa mifugo kwenye ranchi moja kule Kagera. Kila ng'ombe na mstari wake: uzito, chanjo, siku aliyozaa. Alipofika Texas akakosa ng'ombe wa kuandika, akachukua farasi. Kila alfajiri, chai ya tangawizi pembeni, anashusha mtandaoni orodha ya mbio za siku na matokeo ya jana, anaviingiza kwenye faili. Farasi mmoja, mstari mmoja. Safu ya uzito aliobeba, ya umbali, ya hali ya uwanja, ya mpandaji, ya siku alizopumzika tangu mbio za mwisho, na ya nafasi aliyomaliza. Miaka mitatu sasa, na hajawahi kubeti hata senti. Nilipomuuliza kwa nini, alisema yeye huandika waliokwisha kufika. Wanaokuja anamwachia Mungu.

Mtu safi kama huyo, ukikaa naye na una akili kama zangu, lazima umharibu.

Mimi nilisoma takwimu mwaka mmoja na nusu. Niliacha chuo, au chuo kiliniacha, mashahidi wanatofautiana. Lakini nilitoka na maneno mawili matatu mazito, na hapa ughaibuni mtu mwenye maneno matatu ni mtaalamu.

Mwezi wa tatu ghalani pakatangazwa nafasi ya ofisini: kuchambua takwimu za bidhaa, kazi ya kukaa. Daktari alikuwa amemwambia Modestus kwamba goti halitamaliza mwaka mwingine wa kutembea. Akikosa kiti kile, amekosa kazi yenyewe. Msimamizi wake, Brandon, mtu wa Fort Worth aliyekulia kwenye nyumba yenye zizi la farasi, akamwambia: cheti huna, basi nionyeshe kitu ulichokijenga mwenyewe. Modestus akaja kuniuliza kama faili lake lingefaa.

Afadhali angemuuliza farasi.

Nikamwambia faili lisilotabiri ni daftari la mahudhurio. Tuongeze mfumo wa kubashiri mshindi. Kwanza tuongeze na mbio za Houston za msimu mzima, ambazo alikuwa bado kuziingiza, kwa sababu kila tarehe alikuwa anaiandika upya kwa mkono. Nikamhurumia. Nikazinakili zote, nikazibandika. Kazi ya siku kumi nikaimaliza kwa dakika mbili. Kila mstari ambao programu iliukataa nikaufuta, nikasema hiyo ni data chafu. Kisha nikaujaribu mfumo kwa mbio za Februari. Saba kati ya kumi. Mtu mwenye akili hapo angejiuliza. Mimi nilijipongeza, nikamwalika Brandon, nikaandika tangazo.

Jumamosi walikuja watu arobaini na mahotipoti ya pilau. Dada Ndeshi, nesi wa Sugar Land, kule karibu na Houston, aliendesha gari kwa saa nne na ushee, na sare ya kazini bado mwilini. Brandon alikuja na kofia yake pana. Modestus alivaa suti ya kipaimara cha mwanawe.

Mbio ya kwanza, farasi wetu alikuwa wa sita kati ya saba, na wa saba aligoma kutoka getini. Ya pili, wetu ndiye aliyefunga mlango. Mikeka, zile karatasi za kubeti, ikachanika mkono hadi mkono. Vipande vyake vikaanza kutua kwenye pilau langu. Ndeshi akaniuliza, kwa upole wa nesi anayetafuta mshipa:

"Mdogo wangu, hivi chuo walikufukuza kwa kosa gani hasa?"

Kabla ya mbio ya tatu farasi huzungushwa mbele ya watu. Namba sita ndiye aliyependwa na mfumo kupita wote. Modestus alimtazama mbavu, kama alivyokuwa akitazama ng'ombe wa Kagera, kisha akafungua kompyuta.

"Dogo, huyu umemwandika amepumzika siku thelathini na nane."

"Ndiyo kaka. Mbichi kabisa."

"Alikimbia Houston Ijumaa ya wiki iliyopita. Tarehe tatu, mwezi wa nne." Akateremsha mistari kwa kidole. "Zile tarehe za Houston, ulizigeuza?"

Nikamuuliza kuzigeuza vipi.

Wamarekani huanza na mwezi. Faili la Modestus linaanza na siku, kama alivyofundishwa na kama alivyofundishwa baba yake. Aprili tatu yao niliisoma Machi nne. Machi mbili niliisoma Februari tatu, kwa hiyo mfumo wangu ulitabiri mbio za Februari ukiwa tayari umeshika matokeo ya Machi. Hata mimi ningefaulu chuo kwa utaratibu huo. Na ile data chafu niliyoifuta? Ni kila tarehe iliyovuka kumi na mbili, kwa kuwa mwezi wa kumi na tatu haupo.

Brandon akaja na mikeka yake mitatu iliyochanika. Nikamnong'oneza Modestus aseme uwanja umelowa. Jua lilikuwa linapasua mawe.

Modestus alimwambia yote. Mistari mia nne na kumi na miwili ina tarehe zilizopinduka, mia saba imefutwa, Brandon asiamini chochote mle hadi yeye aisafishe kwa mkono, siku kumi. Hakunitaja. Alisema tu, "Faili ni langu."

Brandon alivua kofia yake pana, nami nikaliona lile goti likirudi kwenye rafu. Kisha akasema kwamba mwezi uliopita ghala lilitupa kontena zima la samaki wazima, kwa sababu ofisini hakuna aliyejua kuwa tarehe za kuharibika kwenye makopo ya ng'ambo zinaanza na siku. Jumatatu saa tatu, aje juu ofisini. Na asivae vile viatu vya chuma.

Kwenye gari niliandika tangazo la pili, nikamsomea kwa sauti ya mkuu wa itifaki: kwamba leo, 11/04, mwana wa Kagera ameketishwa kwenye kiti chake, na taifa linasubiri neno lake.

Modestus alikuwa akilikanda goti. Akanyoosha shingo, akaangalia simu yangu.

"Tarehe andika kwa maneno," akasema.