Walipomtoa Habiba Edani

Siku ya kwanza kazini nilipewa baiskeli ya kiume na kuambiwa nisiivunje. Ilikuwa mjini Kitui, mwishoni mwa miaka ya sitini, nami nilikuwa msichana mwenye sketi ya kubana, nimetoka chuoni nikijua kupika uji wa lishe na kuendesha mkutano. Mkuu wangu wa kwanza, tuliyemwita Bwana Maendeleo, alinitazama, akaitazama baiskeli, akasema, "Mwikali, usidhani kazi yako ni kugawa vitu. Vitu hatuna. Wewe nenda ujue watu wanaishi namna gani." Sijapata kusikia maagizo mafupi kuliko hayo, wala yenye akili zaidi. Nayaandika mapema ili ninyi vijana mnaoingia kazi hii leo mjue kwamba hasira yangu haitokani na kuichukia. Niliipenda, na ndiyo maana nakasirika hadi leo.

Cheo changu kilikuwa msaidizi wa maendeleo ya jamii. Watu walifupisha wakaniita Mama Welfare, hata kabla sijamzaa Kyalo wangu na kuwa mama wa mtu. Kazi yenyewe nilifunzwa Mbumbuni, na walionifunza ni wanawake wa mwethya. Mwethya, kwa asiyejua, ni kundi la majirani wanaofanya kazi ya mmoja kwa zamu: leo shamba lako, kesho langu, wiki ijayo mtaro wa kijiji kizima. Lina kiongozi, lina siku yake na lina nyimbo zake. Asiyefika bila sababu hutozwa faini, na sababu husikilizwa na wanawake wenyewe, si na serikali. Afisa akilielewa mwethya, nusu ya kazi yake imekwisha.

Kutoka Mbumbuni nilihamishiwa Kathonzweni, na huko ndiko nilikoanza kuhudumia wahamiaji. Walikuwa Wakamba wenzetu, walioteremka kutoka milimani kwa sababu mashamba yalikuwa yamegawanywa mpaka yakaisha. Walifika na mbuzi wachache na chungu kichwani, katika nchi kavu wasiyoijua mvua yake. Sheria ya wakati huo ilisema msaada wowote upitie kwenye mwethya, nao hawakuwa na mwethya, maana hata jirani hawakuwa naye bado. Mkuu wetu wa tarafa, mzee mkali aliyevaa soksi ndefu, alikuja, akawaona wanavyolala chini ya vichaka, akaagiza msimu wa kwanza wajichimbie mashamba yao wenyewe na hiyo ihesabiwe kuwa kazi ya kijiji. Hakuna aliyeitisha mkutano wa kujadili jambo hilo. Mgeni ni mgeni, tulisema, akishiba atachimba na sisi.

Kumbukeni hilo mnaposoma yanayofuata, kwa sababu mimi sikuweza kulisahau. Sheria ilipinda kwa wageni waliosema Kikamba. Walipokuja wageni wengine, ikawa ya chuma.

Nilifika Tseikuru nikiwa mtu mzima, mwanzoni mwa miaka ya tisini, wakati wa ukame. Mifugo ilikuwa inakufa na watu walikuwa wanavuka kutoka ng'ambo ya Mto Tana, wengi wao Wasomali, wakikimbia vita na majambazi. Walijenga vibanda vya fito na magunia pembeni mwa soko. Chakula cha msaada kilitolewa kwa mtindo wa chakula kwa kazi: kila nyumba ilete mtu mzima mmoja siku ya mwethya, achimbe kipande chake cha mtaro wa kuzuia mmomonyoko, kisha apimiwe mahindi kwa gorogoro, lile kopo la sokoni la kilo mbili. Mtu aonekane mwenyewe, tena na jembe mkononi. Hapakuwa na kuchukuliana mgao. Sheria hiyo ilikuwa na sababu yake, maana awali kuna waliokuwa wakila kwa majina ya marehemu.

Msimamizi wa mgao huo alitumwa kutoka mbali, na sisi tulimwita Mkubwa wa Misaada. Alikuwa kijana msafi, viatu vyake havikujua vumbi. Mabadiliko madogo aliyakubali. Siku ya mwethya ilikuwa Ijumaa, nikamwomba ihamishwe ili wageni waswali, akaihamisha. Nyimbo za kanisani za kuanzia kazi nikaomba ziimbwe na wanaozijua tu, akasema haimhusu. Wageni hawakuwa na vinu vya kutwangia muthokoi, yale mahindi yetu ya kukobolewa, na watoto wao walikuwa wanaharisha kwa kula mahindi mazima yasiyoiva, kwa hiyo nikaomba yao yasagwe. Hilo lilimkera, lakini likapita. Nikaanza kujisifu moyoni kwamba huduma yetu inajifunza.

Kisha nikasikia habari za Habiba. Alikuwa na watoto watatu, na yule mdogo hakuwa na nguvu ya kulia. Hakuwa amefika mtaroni hata mara moja. Wenzake walikuja kumwombea chakula wakafukuzwa, kwa kuwa hakuna kuchukuliana. Nilikwenda kibandani kwake nikiwa tayari kumgombeza. Nilimkuta ameketi ndani, amevaa nguo nyeupe, akaniambia kwa Kiswahili cha Garissa kwamba mume wake amepigwa risasi njiani na yeye yuko eda.

Mimi ni mtoto wa kanisa la mlimani, na eda sikuijua. Nilipanda gari hadi Mwingi kumwuliza Maalim, mwenye duka la nguo ambaye babu zake walitoka pwani na ambaye Kikamba chake ni kizuri kuliko changu. Akanieleza kwamba mjane wao hukaa ndani miezi minne na siku kumi, hatoki ila kwa dharura. "Na njaa ni dharura, Mama Kyalo," akasema. "Mwambie atoke mchana alishe watoto. Mungu si mkali kama watu wenu wa mahindi."

Nilirudi na ujumbe huo kama mtu aliyebeba dawa. Habiba alinisikiliza mpaka mwisho.

"Ngamia ya mume wangu imechukuliwa," akasema. "Yeye mwenyewe ilibaki njiani. Mimi sijamwosha, sijaona kaburi. Hii kukaa ndani ndiyo kitu moja imebaki naweza kumfanyia. Sasa nyinyi nataka hii pia?"

Niliinuka, nikaondoka na dawa yangu.

Nilimwendea Syombua, kiongozi wa mwethya, mama wa makamo mwenye sauti ya kuita ng'ombe. Nilidhani atasema mgeni afuate sheria. Badala yake alinikaripia mimi. Aliniuliza kama nimesahau nilipozaliwa, kwani kwetu mjane hutumwa mtaroni kabla ya matanga kwisha? Kwetu huachwa nyumbani, na akitaka kusaidia huletewa watoto wa wachimbaji awaangalie. Basi wakafanya hivyo. Asubuhi ya siku ya kazi akina mama walipita kwa Habiba, kila mmoja akimwachia mtoto wake mchanga, wa Kikamba na wa Kisomali, na wachimbaji wakafanya kazi bila mtoto mgongoni. Mtaro ulikwenda haraka kuliko wakati wowote. Habiba akapimiwa haki yake, ikapelekwa hadi mlangoni, na yule mdogo akaanza kulia tena kwa sauti ya kuudhi. Sijapata kufurahia kelele ya mtoto namna ile.

Hiyo, vijana, ndiyo inaitwa kubadilisha huduma ifuate mtu. Haikuhitaji mtaalamu wala senti moja ya ziada.

Mkubwa wa Misaada alifika kukagua, akakuta gunia linapelekwa kwa mtu asiyeonekana. Nikamweleza eda ni nini. Nikamweleza na kazi ya kulea watoto. Alinisikiliza akitazama saa.

"Madam, kukaa na watoto si kazi," akasema. "Kila mama anakaa na watoto."

"Wa watu wengine?"

"Nikiachilia huyu mmoja, kesho kijiji yote itakuwa na eda. Asiyefanya kazi na asile. Hiyo hata Biblia yako inasema."

Mahindi yakarudishwa stoo. Nilimweleza tena kwenye mlango wa gari, na safari hii sikumwita bwana. Alipandisha kioo. Niliandika kwa wakubwa wake, sikujibiwa, na mpaka leo sijui kama walisoma.

Akina mama wa mwethya walimega vyao wakampelekea Habiba, lakini ulikuwa mwaka ambao hata anayemega hana. Baada ya wiki chache mtoto mdogo alinyamaza tena. Nilikwenda nikamwona, nikatoka nje, nikapiga teke ndoo ya mtu.

Siku ya mgao uliofuata, Mkubwa wa Misaada alikuja na lori na kusimama juu ya mtaro kuhesabu vichwa. Wimbo ulikuwa umeshika kasi. Ghafla ukakatika, kuanzia mwisho wa mstari hadi mbele, na nilipogeuka nikamwona Habiba anakuja. Alikuwa katika nguo zake nyeupe, miguu mitupu, macho chini. Hakumsalimu mtu. Alichukua jembe lililokuwa limelala, akaingia mtaroni, akaanza kuchimba, vibaya, kama mtu ambaye maisha yake yote amechunga ngamia. Syombua alimfuata akataka kumnyang'anya lile jembe. Habiba hakuliachia. Alichimba mpaka kipande chake kikaisha, na wale wengine wote walisimama tu wakamtazama, hakuna aliyeinua jembe.

Mkubwa wa Misaada alinigeukia akiwa amefurahi kweli.

"Umeona, madam? Alikuwa anaweza."

Akapimiwa gorogoro zake. Mtoto alikula, akapona, na sitadanganya kwamba hilo ni jambo dogo. Lakini nilimwona yule mama alivyorudi na lile gunia, akipita kando ya vibanda vya wenzake waliogeuza nyuso ili wasimwone nje. Kumpa mtu chakula kwa namna hiyo ni kumwibia.

Maalim alisafiri kutoka Mwingi kuja kumfariji. Alimwambia dharura imemsamehe, siku zake haziharibiki, aendelee kuhesabu alipofikia. Habiba alimshukuru. Kisha akasema anajua Mungu amemsamehe, lakini yeye ataanza upya. Akaanza kweli, kuanzia ile siku ya jembe, akakaa ndani miezi minne na siku kumi nyingine. Muda huo wote wanawake wa mwethya walimchimbia kipande chake kabla lori halijafika, na Mkubwa alipouliza, waliapa kwamba amekuja alfajiri, amemaliza, amerudi nyumbani, naye, kwa kuwa alishamwona akichimba, akaamini. Walikuwa wazee wa kanisa na waimbaji wa kwaya. Nami nilisimama kando nikatikisa kichwa kuthibitisha, bila haya yoyote. Alipotoka eda alichukua watoto wake wakaenda kwa kaka yake Garissa, na sikumwona tena.

Nilistaafu miaka michache baadaye. Siku hizi vijana wa ofisi huja kwangu kuniuliza namna ya kuwahudumia wageni, wakiwa na maneno marefu wasiyoyaelewa. Nawaambia waingie ndani ya kibanda, waketi chini, waulize nyumba hii iko katika hali gani: kuna harusi, kuna mzazi, kuna matanga? Wakishajua, ndipo waiulize sheria kama inafaa. Wengi hufanya kinyume, kwa kuwa sheria haina harufu na haiwaoni usoni. Mtu aliyepoteza nchi yake hufika kwenu na vitu viwili au vitatu alivyovificha rohoni. Msaada unaomdai hivyo kwanza ndipo umpe ugali, mimi nauita unyang'anyi, hata ukija na lori la serikali na dereva mwenye adabu.

Kwenye karamu yangu ya kuagwa, mjini Kitui, mgeni wa heshima alikuwa Mkubwa wa Misaada, sasa ana tumbo na cheo kirefu. Alinisifu sana. Akasimulia jinsi sisi wawili tulivyowafundisha wageni wa Tseikuru kujitegemea, hata akaona kwa macho yake mwanamke wa Kisomali aliyekuwa amezoea kukaa tu, akishika jembe kwa mara ya kwanza. Watu wakapiga makofi.

Nilipopewa nafasi ya kushukuru sikushukuru. Nilisema yule mama alikuwa mjane, mumewe hajaoza vizuri, na siku ile haikuwa siku yake ya kwanza ya kazi. Ilikuwa siku ya kwanza ya eda yake, kwa mara ya pili. Kisha nikaeleza eda ni nini, polepole, mpaka chai ikapoa.

Nilipoketi aliniinamia, uso umemshuka, akaniuliza kwa sauti ya chini kwa nini sikumwambia wakati ule.

Nilikuwa nimemwambia. Mara mbili, kwa Kiswahili.