Kuku Aliyetoka Goweko

Siku ile nyumbani tulikuwa wanawake watatu. Mimi, mke mwenzangu, ambaye tangu mume wetu afariki tunapika jiko moja, na wifi yetu, dada wa marehemu, aliyekuja na treni kutoka Goweko. Majina yao ninayo, ila mwenzangu hataki kuandikwa, kwa hiyo nitataja ya kuku tu. Jogoo alikuwa Mwenyekiti. Tetea mweusi aliyechungulia kila sufuria alikuwa Karani. Na yule mwekundu alikuwa Shikamoo, kwa sababu ukimsogelea anachuchumaa mbele yako na kutandaza mabawa, kama binti wa Kinyamwezi anayepiga magoti. Mgeni hapiti kabla Shikamoo hajamwamkia.

Basi wifi akashuka kwenye bodaboda iliyomtoa stesheni, kuku wa zawadi kwapani, amefungwa miguu. Shikamoo akatoka mbio kumpokea. Wifi akainama amshike.

Hapo ndipo nikaona kitenge chake. Kilikuwa kimechafuka choo cha kijani. Nikamtazama yule kuku: shingo imepinda, mabawa yamelegea, ute unamtoka mdomoni. Kideri. Na kuku wetu walikuwa hawajachanjwa. Chupa moja ya chanjo hutosha kuku wa mtaa mzima, na mtaa ulikuwa bado unasubiriana kuichangia.

"Mshike!" nikampigia kelele mwenzangu. Akamnyakua Shikamoo kabla mkono wa wifi haujamfikia.

"Kumbe siku hizi kuku wenu hawasalimii mawifi?" wifi akacheka. "Mmeshawafundisha maringo! Haya, mfungueni na huyu wangu, ajue kwake."

Kwetu kuku wa zawadi hufunguliwa mbele ya aliyemleta, akapewa maji, akachanganyika na wenzake. Ukimtenga kuku, umemtenga aliyemleta. Nilibaki nimesimama na kopo la maji mkononi.

"Tumweke kwanza jiko la zamani, apumzike safari," mwenzangu akasema. Akamfunika kwa tenga, akaegesha mlango.

"Jela?" wifi akauliza. Sasa hakucheka. "Nimempakata njia nzima, nyinyi mnamtia jela?"

Karani alishafika pale mlangoni, anadonoa kwenye ufa. Nikamfukuza, akarudi. Nikamrushia kandambili. Wifi ananitazama tu.

"Wifi," nikasema, "kuku wako ana kideri. Akitoka humo, hawa wote wanakufa."

"Nimekuletea zawadi, wewe unaniambia nimekuletea msiba?"

"Nakuambia usimguse hata mmoja."

Akasimama, nikadhani anaondoka. Akakaa tena, chini kabisa, si kwenye kigoda. "Ndiye amebaki," akasema. "Wengine wote nimewafukia. Nikasikia kwenu kuku hawafi. Nikasema labda hapa atapona."

Mwenzangu akamsogezea kigoda. Nikampelekea mgonjwa maji mwenyewe, hakunywa. Alikufa kabla ya ugali wa mchana. Tukamchimbia shimo refu, tukamwaga jivu juu. Wifi akanawa kwa sabuni mpaka kwenye viwiko, kitenge akakiacha kichemshwe. Wakati wa kuondoka alisema, "Wakifa, msinifiche."

Tukawafungia kuku wetu bandani. Kila asubuhi nilisimama kwanza nje ya mlango, nasikiliza kama Mwenyekiti atawika, ndipo nivute komeo. Siku moja nikamkuta Karani amejikunyata pembeni, hataki kula, manyoya yamemsimama. Nilikaa naye asubuhi nzima, kumbe bibie anataka kuatamia.

Siku zikapita, wachanjaji wakaja na tone lao la jichoni. Nikampigia wifi simu.

"Wapo," nikamwambia.

Akauliza, "Hata yule wa magoti?"

"Hata yeye."

"Mwekee simu, nimsikie."

Shikamoo akakidonoa kioo, akatoa ile sauti yao ndogo ya kuulizia punje. Upande wa pili nikasikia wifi anapenga kamasi. "Vifaranga wakipatikana," akasema, "mnitengee."

Mimi namkumbuka yule kuku wa Goweko alikuwa mweupe. Mwenzangu anasema alikuwa wa madoadoa, na kwamba aliyepiga kelele ni yeye, si mimi. Wifi, na nyinyi majirani mliokuwa mkichungulia uani kwetu siku ile, kama nimechanganya mambo, njooni mniambie.