Ofisi Isiyohitaji Jenereta

Kila asubuhi mama mchoraji ramani wa wilaya alifika kiwanjani Kasulo kabla ya mafundi, akalowesha kidole kwa mate na kukiinua kuutafuta upepo. Viganja vyake havikuisha madoa ya wino. Mwaka ule wa tisini na tano vilima vilikuwa vimebaki upara kwa kuni za wakimbizi na za wenyeji, na dizeli ilikwenda kwanza kwenye kambi ya wakimbizi. Ndiyo maana ofisi ya kata aliichorea matofali yasiyochomwa, madirisha marefu na dari ya chokaa nyeupe.

"Bila jenereta, karani wetu Priscila atasoma gizani," mwenyekiti wa kamati ya ujenzi alilalamika.

"Mzee, njoo siku ya mvua uone," mchoraji alimjibu.

Siku ya ufunguzi mawingu yalitanda, mvua ikapiga bati. Priscila alifungua rejista akasoma majina yote bila kubabaika. Mwenyekiti akamnyang'anya, akasoma mwenyewe, sauti ikipanda mpaka vigelegele vikaifunika.

"Mama, ofisi ya kata ya Rulenge utaichora lini?" mwenyekiti aliuliza.

Mchoraji alikuwa ameshatoa penseli. "Kwanza nionyesheni jua la kule linachomozea nyuma ya kilima kipi."